Kilifi, Funzi, Lamu au Alphonse: utupe flai wapi, na mwezi gani

Wavuvi wengi wa flai, chambo bandia cha manyoya na nyuzi, wanaoishi Nairobi wamejifunzia kwenye mito ya baridi: Mathioya, Ragati, Gura, Thiba. Trauti, samaki mgeni aliyeletwa nchini mwanzoni mwa karne iliyopita, ndiye aliyewafunza kurusha mshipi na kuyasoma maji. Halafu siku moja mtu anaonyeshwa picha ya mvuvi aliyesimama kwenye maji ya chumvi yanayomfika magotini, samaki mweupe kama fedha mkononi, na tangu hapo usingizi unampaa. Anaanza kuulizia. Kila anayemuuliza anamtajia mahali tofauti.

Ulinganisho huu ni wa mtu huyo. Ana likizo ya siku chache, mfuko wake una mwisho, na amesikia majina manne: Kilifi na Watamu; Gazi, Funzi na Shimoni; Lamu; na Alphonse kule Ushelisheli. Nimeyapima yote manne kwa mambo yaleyale. Kwa maoni yangu tarehe za likizo yako ndizo zinazopaswa kuchagua kwanza, mfuko ufuate, na jina la mahali lije mwisho. Wengi hufanya kinyume: wanalipia chumba mwezi wa Juni, kisha wanashinda barazani wakiyatazama mawimbi.

Kwanza, tunapima nini

*Upepo.* Pwani yetu inatawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi hushika Aprili au Mei hadi Septemba, nayo ndiyo yenye nguvu, mawimbi makubwa na mvua za masika mwanzoni mwake. Katikati kuna tanga mbili, yale majuma ambayo upepo haujaamua: Machi kuingia Aprili, na Oktoba kuingia Novemba. Flai ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana zifanane na uduvi, kaa au dagaa. Haina uzito wowote, kinachoruka hewani ni mshipi wenyewe. Kwa hiyo upepo unaomwacha mwingine atie nyavu baharini bila shida unaweza kumkatisha tamaa mvuvi wa flai kabla ya saa sita.

Na si nguvu ya upepo tu, hata upande unaotokea una maana. Asubuhi, ukitaka kumwona samaki ndani ya maji, unalipa jua kisogo: unatazama magharibi, nchi kavu ikiwa mbele yako. Hapo kaskazi inakujia kutoka nyuma upande wa kulia, na kusi kutoka nyuma upande wa kushoto. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, kaskazi ya asubuhi inaisukuma ndoana kwenye sikio lake. Dawa yake ni kugeuka, uielekee bahari na kuuacha mrusho wa nyuma ndio uende kwa samaki. Alasiri mambo yanabadilika: jua liko magharibi, wewe unatazama bahari, kaskazi inatoka mbele kushoto na kusi mbele kulia. Fanya mazoezi ya mirusho yote miwili kwenye nyasi hapa Nairobi kabla ya kusafiri, maana baharini hakuna muda wa kujifunza.

*Maji.* Fungu ni ule uwanda wa mchanga na nyasi za bahari unaofunikwa maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa. Samaki hupanda juu yake pamoja na maji, wakitafuta kaa na uduvi, na hushuka nayo. Bamvua, yale maji makubwa, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, au siku moja mbili baadaye, na siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya hupita mita tatu. Hapa tuna bahati. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa hadi kama saa kumi au saa kumi na moja jioni. Yaani maji yanapanda fungu jua likiwa utosini, wakati jicho linapenya vizuri kuliko wakati wowote. Siku za maji mafu ni kinyume chake: mchana maji yamesimama juu, na yanapwa alfajiri na jioni, tena kidogo tu. Saa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo kuukosa mwezi mpevu kwa siku tatu si sawa na kuukosa kwa juma zima.

Bamvua ina hatari yake. Maji huanza kujaa kwenye mikondo iliyo nyuma yako kabla hayajakufika miguuni. Jua njia ya kurudi kabla hujaingia, na usiende peke yako.

*Mengine matatu:* samaki wenyewe, safari na gharama yake, na ruhusa pamoja na wenyeji. Hili la mwisho watu wa Nairobi hulisahau mara nyingi. Mafungu ya Kenya ni mahali pa kazi za watu. Bamvua ikipwa, kina mama na vijana wako pale wakitafuta pweza, na mitego na nyavu zina wenyewe.

Kilifi, Watamu na Malindi

*Upepo na maji.* Hori ya Kilifi, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ni ya kina kirefu na imejificha, hata kusi ikikaza bado utapata kingo zenye utulivu na mikoko kule mwisho wake. Upungufu wake ni kwamba haina mafungu mapana, utavua ukiwa chomboni ukirusha kuelekea kingo. Mafungu yenyewe yako Mida, karibu na Watamu, mazuri kwa macho na yenye ndege wa pwani wengi wakati wa kaskazi, lakini yana masharti ambayo nitayafikia.

Malindi inahitaji maelezo zaidi. Mvua inayonyesha Nairobi na Ukambani inateremka na mto Athi, inaitwa Galana ikipita Tsavo, na inaingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi ikiitwa Sabaki, nyekundu kwa udongo. Kaskazi inausukuma udongo huo kusini, kuelekea ghuba ya Malindi. Kusi inaupeleka upande wa pili. Kwa hiyo vuli ikiwa kubwa, mwezi wa Desemba unaweza kuyakuta maji ya Malindi kama chai ya maziwa huku Kilifi yako safi. Kabla ya kufunga mkoba, mpigie mtu aliyeko huko umuulize rangi ya maji.

*Samaki.* Kolekole wadogo, tembo wa mikokoni, mzia, chewa wadogo kwenye mawe, na mkizi wengi ambao hawaigusi flai kirahisi. Ni samaki wa kukufundisha, si wa kujisifia. Fahari ya Watamu iko nje ya miamba: sulisuli, kuanzia Novemba hadi Machi, anayevutwa karibu na mashua kwa chambo kisicho na ndoana kisha anatupiwa flai. Huo ni uvuvi wa chombo kikubwa na mfuko mkubwa, na kutoka hapohapo Watamu taasisi ya African Billfish Foundation imekuwa ikiratibu kazi ya kuwatia alama samaki hao na kuwaachia tangu 1990.

*Safari na mfuko.* Hapa ndipo rahisi kufikika kuliko kote. Treni ya SGR inakufikisha Miritini, na tangu nauli zilipopanda Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Kilifi iko kilomita 60 hivi kaskazini mwa Mombasa, Watamu ni mwendo wa ziada, na matatu hazikosekani. Kuna pia ndege za kutua Malindi. Mtumbwi wenye nahodha unapatikana kwa maelewano, na vyumba vya kila bei vipo nje ya Desemba.

*Ruhusa na wenyeji.* Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa 1968. Ndani ya hifadhi kamili hakuna kuvua kwa namna yoyote. Kwenye eneo la akiba, ambalo linagusa Mida, uvuvi unaruhusiwa kwa masharti. Usitupe mshipi Mida kabla ya kuuliza ofisi ya Watamu ya KWS, shirika la wanyamapori la serikali, mpaka unapita wapi na wewe unaruhusiwa nini. Kilifi, ambako hakuna hifadhi ya aina hiyo, zungumza na BMU, kile chama cha wavuvi cha kila bandari. Na popote utakapokwenda nchini, leseni ya uvuvi wa michezo ni lazima.

*Panamfaa* anayeanza maji ya chumvi, mwenye wikendi ndefu tu, au mwenye familia ambayo haitaki kusikia habari za samaki kuanzia asubuhi hadi usiku.

Gazi, Funzi na Shimoni

*Upepo na maji.* Pwani ya kusini inaipokea kusi uso kwa uso, lakini ghuba ya Gazi na maji ya nyuma ya kisiwa cha Funzi yana mikoko na visiwa vya kuikinga. Mto Ramisi unaingia hapo, kwa hiyo mara baada ya masika maji hayaonyeshi kitu. Mafungu ya mchanga mbele ya Funzi hujitokeza yote siku za bamvua, na kuyatembea kaskazi inapopoa mwezi wa Machi ni raha kubwa.

*Samaki.* Kolekole na tembo wa ukubwa wa kiganja hadi mkono, pandu wakipita kwa makundi, mzia kwenye mikondo. Nyavu ni nyingi katika eneo hili na samaki wamekuwa waoga, lazima urushe mbali na uitue flai polepole. Kutoka Shimoni unaweza kutoka kwenda mkondo wa Pemba, maji ya kina kirefu yaliyoifanya bandari hiyo ijulikane kwa uvuvi wa jodari na sulisuli, lakini hapo umeshaacha uvuvi wa kutembea.

*Safari na mfuko.* Ndege hutua Ukunda, au shuka Miritini na upitie barabara ya Dongo Kundu ukikwepa foleni ya feri ya Likoni. Wengi hulala Diani na kuja Funzi kwa siku moja. Ni gharama ya wastani, na chombo cha kukodi ndicho kitakachokula sehemu kubwa.

*Ruhusa na wenyeji.* Kisite ni hifadhi kamili, hakuna kuvua. Gazi wenyeji wanaitunza mikoko yao kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huuza hewa ya kaboni na kutumia fedha kwa maji na shule za kijiji. Ukifika, nenda kwa wazee wa bandari kwanza. Watakupa mtu wa kukuongoza, na pesa itabaki pale.

*Panamfaa* aliye tayari Diani kwa jambo jingine, harusi au likizo, na anataka siku moja au mbili za kuvua bila kupanga safari ya peke yake.

Lamu: Manda, Pate hadi Kiwayu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo penye mengi ya kupima, mazuri na magumu.

*Upepo na maji.* Wakati wa kaskazi, mkondo wa bahari unaoteremka kutoka Somalia unakutana na ule unaopanda kutoka kusini, mahali fulani kwenye maji ya kaskazini mwa Kenya, na bahari inakuwa na rutuba. Dagaa wanakuwa wengi na wakubwa wanawafuata. Upande mwingine wa rutuba hiyo ni kwamba maji huwa na ukijani, huoni mbali kama ulivyotarajia. Visiwa vyenyewe ndivyo ngao: Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu vimejipanga mbele ya bara, na nyuma yake kuna mikondo, mikoko na mafungu ambayo yanavulika hata kusi ikivuma. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Wakati wa kusi shida inakuwa kutoka nje kupitia mlango wa Shela, ambako mawimbi husimama wima, na safari ya Kiwayu kwa njia ya nje haifai kabisa.

*Samaki.* Kolekole wa aina kadhaa, baadhi wakubwa, pandu, mzia, tembo wenye nguvu za ajabu chini ya mikoko, mwatiko wakielea juu kwa makundi, na bonifishi, yule samaki wa fedha wa kwenye picha, ambaye huonekana mara mojamoja kwenye mafungu ya mchanga safi. Usiende Lamu kwa ajili ya bonifishi peke yake. Nenda kwa sababu hujui siku itakuletea nini.

Jifunze kumtafuta taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Juu ya fungu, maji yakiwa ya magotini na yanapanda, taa hutambaa akifukua mchanga, na nyuma yake hubaki wingu la vumbi ndani ya maji. Kolekole humfuata hapohapo kwenye ukingo wa wingu, wakiokota kaa wanaokurupuka. Ukiliona wingu linasogea, usilitupie katikati. Tua flai mbele na pembeni, hatua mbili kutoka kwa taa, iache izame, kisha vuta mvuto mfupi, pumzika, mvuto mfupi. Kolekole akiiona hatafakari, anakuja akiyapasua maji, na kosa la wavuvi wa trauti ni kuinua fimbo. Usiinue. Vuta mshipi kwa mkono wa kushoto hadi ukazike, fimbo ikiwa imemwelekea samaki, ndipo umwache akimbie.

Na ukipata nahodha anayejua kusukuma kwa pondo, mshike. Injini inawafukuza samaki kutoka mbali, lakini mzee mwenye pondo anaweza kukutembeza nje ya mikoko ya Mkanda, ule mkondo kati ya Manda na bara, bila sauti nyingine isipokuwa ya mti kugusa mchanga. Atawaona samaki kabla yako. Akisema "kushotoni, mbele kidogo," rusha, maswali baadaye.

*Safari na mfuko.* Ndege kutoka Wilson au JKIA hutua Manda, unavuka kwa boti na umefika. Barabara ya kutoka Garsen sasa ni ya lami, lakini hali ya usalama katika kaunti hubadilika, hasa upande wa msitu wa Boni na karibu na mpaka wa Somalia. Kwa hiyo uliza kwanza, na kwa safari ya uvuvi ndege ndiyo njia ninayoipendekeza. Chumba Lamu mjini au Shela hupatikana kwa bei nyingi tofauti nje ya Desemba na siku za sherehe. Kinachopandisha gharama ni mafuta ya boti: Manda ni karibu, Pate ni mbali, Kiwayu ni mbali sana. Kubalianeni bei ya siku, mafuta yakiwa ndani, kabla ya kung'oa nanga.

*Ruhusa na wenyeji.* Kiwayu iko ndani ya Hifadhi ya Akiba ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979, na KWS ndio wa kuulizwa. Kuhusu wavuvi, kumbuka wametoka wapi. Uchimbaji wa bandari mpya katika ghuba ya Manda uliwaondolea maeneo waliyoyategemea, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mtu aliyepitia hayo ana haki ya kuuliza mgeni mwenye fimbo anatafuta nini kwenye fungu lake.

Ndiyo maana suala la samaki mliyempata lizungumzwe mapema. Wewe umezoea kumrudisha majini. Nahodha ana watoto. Mnaweza kuafikiana kwamba kolekole wakubwa na bonifishi warudi, na tembo mmoja wa mchuzi abaki. Wengine hulipa zaidi kidogo kwa siku ili wote warudi. Vyovyote vile, maneno yawe yamekwisha kabla samaki hajafika kwenye boti. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya kaskazi. Bado utapata wa kukuchukua, lakini toka mapema, rudi mapema, na usile wala kunywa mbele ya aliyefunga kana kwamba hayupo.

*Panamfaa* mwenye subira, anayerusha vizuri tayari, asiye na haja ya kuhesabu samaki, na anayependa kukaa na watu wa mahali. Kwa anayeanza kabisa, naona ni mapema.

Alphonse, Ushelisheli

*Upepo na maji.* Visiwa vya mbali vya Ushelisheli vinaguswa na pepo zilezile mbili, na kwa hiyo msimu mkuu wa uvuvi ni Oktoba hadi Mei. Kusi ikikaza, uvuvi wa mafungu unapungua au kusimama. Uvuvi mwingi unafanyika kwenye kisiwa jirani cha St François, chenye mafungu mapana ya mchanga mgumu mweupe na maji yanayoonyesha hadi kivuli cha samaki. Ukitoka Kenya, uwazi wa maji hayo ndio utakaokushangaza kwanza.

*Samaki.* Bonifishi kwa makundi, jambo ambalo Kenya hatuna. Kolekole wakubwa wanaoweza kupita mita moja na kuvunja fimbo. Kikande, samaki mwenye meno magumu anayekula kaa huku mkia wake ukitoka nje ya maji, mbishi kuliko wote. Na mwatiko: kwa muda mrefu ilisemekana hawezi kuvuliwa kwa flai kwa kuwa anakula mwani, mpaka waongozaji wa Alphonse walipotengeneza flai za rangi ya mwani na kuzionyesha dunia.

*Safari na mfuko.* Ndege kutoka Nairobi hadi Mahé, kisha ndege ndogo ya kama saa moja. Mkenya hahitaji viza, lakini lazima ajaze idhini ya kusafiri mtandaoni kabla ya kuondoka. Gharama ni maelfu ya dola za Marekani kwa wiki, chakula, kitanda, boti na mwongozaji vikiwa humo. Nafasi hujazwa miezi mingi kabla. Kwa Mnairobi wa kawaida hiyo ni akiba ya miaka, na ni haki kusema hivyo waziwazi.

*Ruhusa na wenyeji.* Hapa ni rahisi, kwa sababu hakuna kijiji cha wavuvi kwenye mafungu hayo. Kila kitu kimepangwa: samaki wa kwenye mafungu hurudishwa, ndoana hubanwa jino kwa koleo, na mwongozaji anakaa nawe siku nzima. Ni starehe. Kwangu pia kuna upungufu ndani yake, kwani hakuna mtu wa kukuambia babake alivua wapi, lakini najua wengi wanaotafuta ukimya huohuo.

*Panamfaa* mwenye akiba, mwenye wiki nzima, na anayetaka kuona samaki wengi kwa siku ili ajifunze haraka. Hata anayeanza atafaidika, mradi anaweza kurusha mita 15 hivi kwenye upepo.

Vifaa, kwa ufupi

Fimbo ya trauti iache nyumbani. Namba 8 au 9 (namba ni ya uzito wa mshipi unaoifaa fimbo) inatosha sehemu zote nne kwa samaki wengi. Kwa kolekole wakubwa wa Alphonse, na hata Lamu, beba namba 12. Viatu vyenye soli ngumu, na buruta miguu badala ya kuinyanyua, ili taa akusikie aondoke. Miwani inayokata mng'ao wa maji si anasa, bila hiyo huoni samaki. Kila jioni suuza rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, na fimbo kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kulingana na hali yako

Likizo yako ni Agosti, shule zimefungwa, watoto wanakuja: nenda Kilifi. Kusi inavuma, lakini hori inakukinga, na siku mbaya kabisa familia ina mengine ya kufanya. Ukilazimika kwenda Lamu mwezi huo, panga kuvua nyuma ya Manda tu na usimwombe nahodha atoke nje.

Una Krismasi na Mwaka Mpya: upepo ni mzuri lakini vyumba ni ghali na fukwe zimejaa. Funzi na Gazi huwa na nafasi ya kupumua kuliko Watamu. Angalia kwanza mwezi umeangukia wapi. Desemba yenye maji mafu itakupa mchana wa maji yaliyosimama, na hapo mikoko ya Kilifi itakufaa zaidi ya fungu lolote.

Unaweza kuchagua tarehe mwenyewe, na mfuko ni wa wastani: Machi, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, Lamu. Ukiweza siku tano, siku ya kwanza iwe ya kumjua nahodha na kuzunguka Manda, ndipo mwelekee Pate. Mwishoni mwa Oktoba ni chaguo la pili, upepo ukiwa umelala lakini vuli ikiwa inanusa mlangoni.

Una wikendi ya siku tatu na hujawahi kuvua baharini: treni ya asubuhi hadi Miritini, Kilifi kabla ya jua kuzama, mtumbwi siku inayofuata. Usinunue fimbo mpya kwanza, omba ya kuazima kutoka kwa mwenzako wa trauti mwenye namba 7 au 8.

Umeweka akiba kwa ajili ya Alphonse lakini bado mwaka mmoja au miwili haijatimia: tumia muda huo kwenye mafungu ya hapa. Mvuto wa mshipi kwa mkono wa kushoto, mrusho wa nyuma dhidi ya kaskazi, macho ya kutofautisha samaki na kivuli cha nyasi, yote hayo unaweza kuyapata Funzi na Manda kwa sehemu ndogo ya gharama. Na ikiwa nafasi ya Alphonse itapatikana, omba juma la Novemba au Aprili, upepo ukiwa unageuka, kisha thibitisha tarehe za bamvua na mwongozaji kabla ya kulipa arubuni.